Maziwa ya Mgeni

Ilianza Jumanne, wiki ya pili ya likizo ya Agosti, saa moja na dakika kumi asubuhi. Dakika nazijua kwa sababu niliziandika mwenyewe, kwa kalamu nyeusi isiyofutika, kwenye karatasi ya chupa ya kwanza. Dada yangu alikuwa ameniagiza niandike mambo matatu kwenye kila chupa: saa, namba ya muuzaji, na chombo ambacho maziwa yametoka. Saa niliandika sawasawa. Namba niliandika sawasawa. Hilo la tatu ndilo lililonikaa kooni wiki tisa.

Ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu nyumbani kwetu Kiswahili ni lugha ya shule na ofisi. Hooyo, ndivyo tunavyomwita mama, hukitumia na wateja wa bara tu, na kaka zangu hawana subira ya kusoma ukurasa mzima wa kitu chochote. Tena karatasi hainicheki. Nikizungumza mbele ya darasa, "p" hunitoka "b", na kuna wasichana wawili wa dawati la nyuma ambao huingojea hiyo "b" kama paka anavyongoja mfupa. Kwa hiyo nimezoea kunyamaza. Ukoo mzima unaniita Ukuta. Si kwa ubaya. Hata mimi wakiniita hivyo naitika.

Dada yangu hajanyamaza tangu azaliwe. Ndiye wa kwanza kwetu kuingia chuo kikuu, na aliingia hiki hiki cha hapa mjini. Alipopata nafasi, mjomba alicheka mpaka akakohoa. "Chuo cha hapa? Pale mbuzi huingia darasani kabla ya mwalimu!" Hakuwa anasema uongo sana. Siku zile ua ulikuwa na matundu, na vyumba vingi vilikuwa vitupu. Watu wa mbali wakisikia jina la mji wetu walikuwa wanakumbuka jambo moja tu, msiba wa wanafunzi waliouawa pale chuoni, na hawakutaka watoto wao waje. Hooyo mwenyewe alikuwa akisimama mlangoni kila jioni mpaka amwone dada akitokea kwenye kona ya duka la simu.

Sasa mabweni yamejaa. Wanafunzi wanatoka Kitui, Kisii, hata Mombasa, na wengine wamejifunza kuomba chai kwa Kisomali. Kuna maabara mpya yenye madirisha ya vioo na jenereta yake, na friji ambazo dada huzitaja kwa adabu, kama vile mtu anavyotaja masheikh. Neno "utafiti" limeingia Waberi, mtaa wetu, na limekaa. Zamani watafiti walikuwa wakija kutoka Nairobi au ng'ambo, wanapita mjini kwetu kwa magari meupe kwenda Ifo, kwenye kambi ya wakimbizi, wanauliza watu maswali, wanaondoka na majibu. Walichoandika hakuna aliyekiona. Siku hizi anayekuja na maswali ni mtoto ambaye majirani wanakumbuka alivyolia siku ya kutobolewa masikio.

Swali la dada lilikuwa rahisi, hata mimi nililielewa. Hooyo anauza maziwa ya ngamia sokoni, pamoja na wanawake wengine. Maziwa hutoka malishoni, upande wa barabara ya Modogashe, yakiwa kwenye madumu ya njano ya plastiki yaliyowahi kuwa na mafuta ya kupikia. Lakini maziwa ya kunywa wenyewe nyumbani hatuyaweki kwenye plastiki. Tunayaweka kwenye dhiil, chombo kilichosukwa kwa mizizi, ambacho hufukizwa ndani kwa kijinga cha moto mpaka kinukie moshi. Kila bibi hapa atakuambia kwamba maziwa ya dhiil hayaharibiki haraka. Dada alitaka kujua kama bibi wanasema kweli, na kama dumu linadhuru, linadhuru kiasi gani. Achukue chupa kumi na mbili za maziwa ya dhiil majumbani kwa wanawake kumi na wawili, kisha chupa kumi na mbili za maziwa ya dumu sokoni, kwa wanawake wale wale. Aende maabara, aoteshe vijidudu kwenye visahani, ahesabu, alinganishe. Akimaliza hapo anapata shahada yake ya pili.

Za majumbani alichukua mwenyewe, Jumatatu. Jumanne tulikwenda sokoni pamoja, mimi nikibeba sanduku la barafu. Hatujamaliza hata kusalimia, simu yake ikalia. Mfuko wa barafu tulioubeba ulikuwa umetoboka, maji yanachuruzika mguuni kwangu, na aliyepiga alikuwa mtu wa maabara: barafu nyingine ipo, aifuate.

"Abaayo," akaniambia, maana tunaitana hivyo, dada kwa dada, "dakika ishirini tu. Anza. Kutoka kwenye dumu. Dumu la njano, umesikia? Usikubali kingine."

"Haye," nikasema.

Mama mdogo ndiye aliyekuwa namba moja. Yeye sokoni anasikika kabla hajaonekana.

"Naa! Daktari wa maziwa amekuja! Mbona daktari anatazama miguu yake?"

Nikamnyooshea chupa. Akalisukuma dumu kando kwa kisigino, akainama chini ya meza, akatoa dhiil ndogo iliyofunikwa kitambaa cheupe. Moshi wake niliusikia kabla hajafungua kifuniko.

"Habaryar," nikasema, maana ndivyo tunavyomwita mama mdogo, "amesema ya dumu."

"Nani amesema?"

"Dada."

"Dada yako leo ni mgeni. Ametoka chuo na sanduku lake la barafu. Mgeni anapewa maziwa ya dumu? Mama yako alikufundisha hivyo?"

"Ni ya utafiti."

"Utafiti gani huo unakunywa plastiki?"

Meza zote zikacheka. Mwanamke wa meza ya pili akasema, "Mwache mtoto, sauti yake ameisahau shuleni." Wa tatu akasema, "Wakifunga shule wanaifungia kabatini." Na huku wanacheka, mikono yao inafanya kazi. Nikaona kwamba kila mmoja alikuwa amekuja na dhiil yake kutoka nyumbani. Walikuwa wamekwisha kubaliana. Hawakukubaliana kudanganya, hilo nataka niliandike wazi. Walikubaliana kwamba mtoto wa mwenzao akija kutoka chuo, maziwa yao yakienda kutazamwa na wasomi kwenye jengo la vioo, hawawezi kumpa maziwa yaliyopigwa na jua kwenye gari tangu alfajiri. Mtu hufanyiwa hivyo akichukiwa.

Nilizunguka na chupa zangu. Wa mwisho, namba kumi na mbili, alikuwa hooyo. Yeye alileta dhiil ya ayeeyo, bibi yetu, ile yenye mikanda ya ngozi ambayo hutoka ndani siku za harusi tu. Akafuta ukingo wake kwa pembe ya mtandio. Nikamtazama. Nilitaka aseme kitu, yeye ndiye mama wa mwenye utafiti.

"Shika vizuri," akasema. "Usimwage."

Kisha nikakaa chini nyuma ya meza yake kuandika. Ningeweza kuandika "dhiil". Lakini nikiandika dhiil, dada atarudi, atasoma, atawauliza mbele ya wateja, na sauti yake ninaijua. Watu wazima kumi na wawili wataaibika, na itajulikana kwamba Ukuta ndio uliowasema. Nikaandika "dumu". Mara kumi na mbili, kwa mwandiko wangu mzuri ambao mwalimu wa Kiswahili huusifu.

Dada alirudi na barafu akihema. "Zote? Za dumu?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akanibusu kwenye paji la uso, mbele ya soko zima.

*

Nilijiambia kwamba maziwa ni maziwa. Baada ya wiki mbili dada akarudi nyumbani na uso ambao sijui niuelezeje, nusu sherehe, nusu mtu aliyeona kitu barabarani asijue ni kitu gani.

"Hakuna tofauti," akasema. "Dumu ni safi sawa na dhiil. Hooyo, unasikia? Plastiki yenu haina neno!"

"Alhamdulillahi," akasema hooyo, wala hakuinua macho kutoka kwenye unga.

Nilimtazama hooyo kwa muda mrefu. Sidhani alificha kitu. Nadhani kwake yeye maswali mawili yalikuwa yamejibiwa vizuri: mtoto amefurahi, maziwa yamesifiwa.

Jumamosi moja dada akanipeleka maabara nikaone. Palikuwa na baridi kama ndani ya sanduku letu. Visahani vilipangwa mezani, vina vidoa vidogo vyeupe, na chini ya kila kisahani namba iliyonakiliwa kutoka kwenye karatasi zangu. Mwalimu wake, mtu mrefu wa upande wa Kakamega mwenye sauti ya upole, alikuwa anahesabu tena.

"Wewe ndiye msaidizi wetu," akaniambia. "Matokeo haya yamenishangaza, binti yangu. Nimehesabu mara mbili. Kila nilichowahi kusoma kinasema dumu linatakiwa kuwa baya zaidi. Wewe ulikuwepo. Uliwaona wakimimina?"

"Ndiyo," nikasema.

Na ilikuwa kweli. Niliwaona wakimimina, wote. Jibu la kweli kabisa kwa swali lisilokuwa lenyewe, na nililishika kama mtu anayeshika ukuta gizani.

"Basi," akasema, "visahani havidanganyi." Akamgeukia dada, akashusha sauti kidogo, lakini mimi watu husahau kwamba nipo. "Hii ndiyo kazi ya kwanza kutoka maabara hii. Chuo kinataka kuhesabiwa kati ya vile vinavyoaminika kwa utafiti. Watakuja kutukagua. Watu wa vyuo vikubwa wataisoma kazi yako, na ni lazima uwe na uhakika. Wakikuta kosa hawatasema msichana fulani alikosea. Watasema, aah, si unajua ni chuo cha wapi?"

Dada akacheka. Mimi nikasoma bango la kunawa mikono lililokuwa ukutani, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Shule zilifunguliwa. Nilidhani masomo yatalifunika jambo hili. Lakini maneno ya dada yalishuka kutoka maabara mpaka sokoni, na huko yakaota miguu. Kulikuwa na muuguzi wa zahanati aliyekuwa akipita kila mwezi kuwasihi wanawake wasuuze madumu kwa maji ya moto. Safari hii mama mdogo alimkatiza kabla hajafungua mkoba.

"Dada, umechelewa. Chuo kimesema dumu ni safi. Nenda kasome!"

Wenzake wakapiga makofi. Muuguzi akatabasamu kwa uchovu, akaondoka. Mimi nilikuwa nimekuja kuchukua ufunguo wa nyumba. Nikamwona mke wa jirani yetu akinunua nusu lita kutoka dumu lile lile, ya mtoto wake aliyeachishwa ziwa juzi. Mtoto alikuwa mgongoni, ananichekea. Nilisahau kuchukua ufunguo.

Kila siku nilisema leo nitamwambia. Nilikuwa na sentensi tayari, nimeziandika mwishoni mwa daftari la hesabu. Kisha naingia ndani, dada yuko mbele ya kompyuta, amepiga magoti kwenye mkeka kana kwamba anaiomba, na ananiambia, "Abaayo, njoo uone jedwali langu," na ninakwenda kuliona jedwali lake. Lilikuwa zuri. Safu mbili, dhiil na dumu, zimelingana kama mapacha.

*

Ikafika Jumatano, wiki tisa tangu siku ile. Wageni wa ukaguzi walikuwa wanakuja Alhamisi, na dada angesimama mbele yao na mkuu wa chuo kusoma kazi yake. Shule tulitoka mapema. Baada ya sala ya alasiri nikamkuta amepiga pasi abaya mpya, ya rangi ya majivu, ameitundika mlangoni. Hooyo alikuwa jikoni.

"Kaa hapo," akaniambia. "Wewe ni mkaguzi. Kunja uso."

Nikakaa. Akasimama wima, akaanza kwa salamu, akaeleza soko letu, barabara ya Modogashe, jua. Alisema vizuri sana. Alisema kwamba kwa miaka mingi wengine walikuja kutuuliza sisi ni nani, na sasa tunajiuliza wenyewe, na tunajibu wenyewe. Picha ya dumu la njano ikatokea kwenye kompyuta.

"Sampuli hizi kumi na mbili," akasema, "zilichotwa moja kwa moja kutoka kwenye madumu."

Nikainuka.

"Mkaguzi, unakwenda wapi? Hata sijamaliza!"

Nilikwenda chumbani. Mdomo wangu haukuwa na kazi, ulikuwa mkavu kama karatasi, basi nikachukua karatasi. Niliandika kwa Kiswahili, nadhani kwa sababu kwa Kisomali ingekuwa kama nimepiga kelele. Niliandika yote: kisigino cha mama mdogo, kitambaa cheupe, mikanda ya ngozi, neno nililoliandika mara kumi na mbili. Nikarudi nikampa daftari likiwa wazi, nikasimama mlangoni karibu na abaya.

Alisoma kama anavyosoma siku zote, kidole chini ya mstari. Kidole kilifika mwisho, kikarudi juu, kikashuka tena.

"Zote?"

"Zote."

"Hata ya hooyo?"

"Ya hooyo ilikuwa dhiil ya ayeeyo."

Akakaa kwenye mkeka. Kompyuta ikazimika mwanga yenyewe, picha ya dumu ikapotea.

"Wiki tisa," akasema. "Nimekuuliza. Mwalimu amekuuliza."

"Aliuliza kama niliwaona wakimimina."

"Usinifanyie hivyo." Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililoniogopesha. "Usinichezee maneno leo. Unajua kesho ni nini?"

"Najua."

"Na kwa nini leo? Kwa nini usingenyamaza moja kwa moja, Ukuta?"

Hajawahi kuniita hivyo. Wengine wote wananiita, yeye hajawahi. Nikasema kitu kuhusu mtoto wa jirani na nusu lita. Sijui kama nilisikika.

Hooyo akaingia na chupa ya chai na vikombe. Akatutazama. "Nani amekufa?"

Dada akamwambia. Nilidhani hooyo atainamisha kichwa. Aliweka vikombe chini kimoja kimoja.

"Sasa mimi ni mwongo?" akauliza.

"Sijasema mwongo, hooyo."

"Mwanangu anatoka chuo, na sanduku, watu wote wanatazama. Nimpe maziwa yanayonuka plastiki ayapeleke kwa wakubwa zake? Waseme mama yake anauza uchafu?"

"Ndiyo! Hicho hasa ndicho nilichotaka! Nilitaka yanayonuka plastiki!"

"Maziwa hayo humpi hata mgeni usiyempenda."

"Mimi ni mgeni wako tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kuja na barafu," akasema hooyo.

Dada akacheka. Kicheko kilitoka kibaya, kikageuka katikati, na akafunika uso kwa viganja. Hooyo akammiminia chai na kumwekea karibu na goti. Kisha akasema, taratibu, kwamba mimi na dada tufikirie pia watu kumi na wawili wanaokula kwa madumu yale. Maziwa yakionekana mabaya, nani atanunua? Dada akasema madumu yanaweza kusuuzwa, vyombo vinaweza kubadilishwa, chochote kinaweza kufanywa, ila kwanza mtu ajue ukweli ulipo. Hooyo alitoka kwenda kutawadha, ingawa magharibi ilikuwa bado.

Dada akapiga simu. Nilisikia upande wake tu.

"Mwalimu, assalamu… samahani, habari za jioni. Kuna jambo. Chupa za sokoni. Hazikutoka kwenye madumu… Zote kumi na mbili… Nina hakika, aliyeandika ndiye aliyeniambia… La. La, mwalimu, hawakudanganya. Walinikirimu."

Sauti ya mwalimu ilikuwa nzi mdogo ndani ya simu.

"Ndiyo, naelewa unavyosema. Ningekuwa pale mwenyewe. Nilipaswa kuwa pale mwenyewe." Akafuta pua. "Hapana, niondoe kwenye orodha ya kesho. Siwezi kuisoma… Watazame jengo, basi… Mwaka ujao? … Sawa. Mwaka ujao."

Akaweka simu. Ndivyo nilivyojua bei ya neno langu: mwaka mmoja wa dada yangu. Wenzake watavaa majoho Desemba na yeye atakuwa sokoni na sanduku, anaanza upya.

Alitoa abaya kwenye mlango, nikalazimika kusogea, akaikunja vizuri, pindo kwa pindo, akairudisha kwenye mfuko wake wa nailoni. Chai hakuigusa. Alipopita alinipa daftari langu mkononi, limefungwa. Hakusema neno, na mimi, mwenye ufundi wa kunyamaza, kwa mara ya kwanza nilijua kunyamaziwa kulivyo.

*

Asubuhi ya Alhamisi nilivaa sare ya shule, lakini sikuelekea shuleni. Nilikwenda sokoni. Gari la Modogashe lilikuwa limeingia, vijana wanashusha madumu, na wanawake wanapanga meza. Sikuwa na sanduku wala chupa. Nilikuwa na daftari, na lilikuwa limeshakunjika kwa jasho la mkono.

Mama mdogo aliniona. "Naa, leo shule imefungwa? Au daktari amekuja kupima tena?"

Nilisimama mbele ya meza yake. Nilikuwa nimepanga kusoma nilichoandika, lakini macho hayakuiona karatasi.

"Habaryar," nikasema, "dada hasomi leo. Wageni wamekuja, na yeye hasomi. Ni kwa sababu ya maziwa mliyompa. Yalikuwa ya dhiil na mimi nikaandika dumu. Kazi yake yote imeharibika, anaanza tena. Dada si mgeni. Akija tena mpe ya dumu."

Ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote nilizowahi kutoa kwa mtu mzima. "P" zote zilitoka "b". Hakuna aliyecheka.

"Hasomi?" akasema mama mdogo. "Sisi tumesema tutakwenda kusimama getini tumwone akitoka."

"Hasomi."

Akaliangalia dumu lake. "Kumbe ukuta una mdomo," akasema, lakini sauti yake ilikuwa imeshuka, na mkono wake ulikuwa umeshika kifua.

Nilikwenda meza ya pili. Ya tatu. Nilisema maneno yale yale, na kila meza hayakuwa mepesi zaidi. Mmoja alisema astaghfirullah na kunishika shavu. Mmoja, mzee wao, alinigeuzia mgongo akasema siku hizi watoto wanawafundisha mama zao ukarimu, na aliendelea kupanga vikombe mpaka nikaondoka. Mwingine aliuliza kama sasa watafunga soko. Nikasema sijui, kwa sababu sijui.

Wa kumi na mbili alikuwa hooyo. Alikuwa amenisikia nikija, meza kwa meza. Nikamwambia kama nilivyowaambia wenzake, sikupunguza. Akafungua kifuniko cha dumu lake la njano, akanusa mwenyewe kwanza, uso ukakunjamana. Kisha akaniinamishia mdomo wa dumu.

Nikanusa. Kulikuwa na jua, kulikuwa na mafuta ya kale ya kupikia, na kitu kichachu kwa mbali.

"Mwambie aje mapema," akasema hooyo, "gari likiwa linashusha. Saa mbili yanakuwa yameshabadilika."

Nikafungua daftari juu ya meza yake nikaandika hivyo, na saa, na chombo. Kengele ya shule ilikuwa imeshalia zamani. Nikasaidia kusogeza madumu mawili kivulini, kisha nikaenda kuchelewa.